Maji ndiyo yaamuayo ladha ya bia

Msomaji, chungulia ndani ya birika la mtu anayechemsha maji ya kisima kule Mombasa. Utaona utando mweupe, mgumu kama chokaa, na chokaa ndiyo yenyewe. Maji ya huko hupita katika mawe ya matumbawe na kuyayeyusha kidogo kidogo. Ndiyo maana sabuni nayo hukataa kutoa povu. Jambo hilo linalomkera mama jikoni, kwa mtengenezaji wa bia ni la kufa na kupona, maana zaidi ya asilimia 90 ya bia ni maji.

Hata kama pombe haiingii nyumbani kwenu, mwanafunzi wa kemia atafaidi hapa.

Katika karne ya 19, mji wa Burton upon Trent nchini Uingereza ulivuma kwa bia yake chungu ya rangi ya kahawia hafifu. Visima vya mji huo vina jasi nyingi, yaani yale mawe laini yanayotengenezewa plasta. Jasi hutoa salfeti, nayo salfeti huukoleza uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa katika bia. Watengenezaji wa London walijaribu kuiga wakashindwa, kwa kuwa maji yao yalifaa zaidi bia nyeusi. Baadhi yao waliamua kwenda kufungua viwanda huko huko Burton! Baadaye wanakemia waliifichua siri hiyo, ikawa mtu aweza kubaki kwao na kutia jasi katika maji yake. Kwa upande mwingine, Josef Groll alipotengeneza bia yake ya rangi ya dhahabu mjini Plzeň mwaka 1842, alitumia maji laini yasiyo na madini mengi.

Kwa nini iwe hivyo? Kimea cha shayiri kikilowekwa katika maji ya moto, wanga hugeuka sukari. Kazi hiyo huenda vizuri pH ikiwa kati ya 5.2 na 5.6. Kalsiamu huishusha pH, bikaboneti huipandisha. Kimea kilichokaangwa hadi kikawa cheusi kina asidi yake, kwa hiyo maji ya Dublin, yenye bikaboneti tele, yaliipenda bia nyeusi.

Huko Uingereza leseni ya kutengeneza bia ya nyumbani iliondolewa mwaka 1963 (usijaribu hapa kwetu bila leseni), na watu hupimia maji jikoni. Kwanza husoma ripoti ya kampuni ya maji. Gramu 1 ya jasi katika lita 10 huongeza takriban miligramu 23 za kalsiamu na 56 za salfeti kwa kila lita. Anayetaka utamu wa kimea usikike hutumia kloridi ya kalsiamu. Mizani ndogo ni lazima, kijiko hudanganya. Klorini ya mfereji nayo huondolewa mapema, la sivyo bia itanuka dawa ya hospitali. Wengine hutia chumvi ya haluli, na jina lake lakueleza itakavyowafanya wageni ikizidi.

Bikaboneti huganda maji yakichemshwa, kama kwenye lile birika. Salfeti haiondoki hivyo. Aliyeizidisha hana budi kuongeza maji mengi yasiyo na madini, au kumwaga.