Sakafu ya Gereji na Ziwa Lisilo na Njia ya Kutokea

Mtu akiingia gereji yoyote ya Nakuru, iwe ya mafundi wa jua kali watengenezao malori ya barabara kuu iendayo Eldoret na Uganda, au kile chumba kidogo kando ya nyumba ambamo mwenyewe hulaza gari lake, hatakosa kuliona doa jeusi la oili katikati ya sakafu, limekolea, linang'aa, na vumbi la Menengai limeganda juu yake. Nalo doa hilo, waonavyo wengi, dawa yake ni ndoo ya maji na sabuni ya unga: husugua kwa ufagio mgumu hata povu likageuka kijivu, kisha wakalisukuma nje ya mlango mpaka mtaroni. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka mingi, na kila mara, siku ya tatu au ya nne, doa lilikuwa limerudi.

Sababu yake ni dhahiri kwa ajuaye tabia ya zege. Zege hudhaniwa kuwa ni jiwe moja, ilhali maji yaliyochanganyiwa yalipokauka yaliacha ndani yake vijitundu visivyohesabika, vyembamba kuliko unywele, na oili ikidondoka huvutwa humo kama utambi uvutavyo mafuta ya taa. Sabuni huchukua kilicho juu. Kilichojificha chini hungoja jua lipashe sakafu, kikapanda tena.

Lakini lililo zito zaidi kwangu ni safari ya lile povu. Ziwa Nakuru hupokea Mto Njoro, na Makalia, na Nderit, na maji ya mvua yateremkayo kutoka mjini, wala hakuna hata mto mmoja utokao humo. Maji huondoka kwa mvuke, na uchafu ulioingia hubaki. Ziwa hilo limo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 1968, na mwaka 1990 likatiwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye thamani kwa ulimwengu mzima. Kwa hiyo mkazi wa Nakuru sharti aiondoe oili kavukavu kwanza, kabla ya tone moja la maji kugusa sakafu.

Na dawa ya kuifyonza iko karibu. Huko Kariandusi, njia ya Gilgil, jirani na Ziwa Elementaita, ambako Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe ya watu wa kale, huchimbwa udongo mweupe uitwao daiatomaiti, mwepesi kama unga wa muhogo. Udongo huo ni magamba ya vijimea vidogo mno vilivyoishi katika ziwa lililokwisha kukauka zamani, na kila gamba lina matundu, ndiyo maana hunywa oili kwa pupa. Mtu akiunyunyiza juu ya doa, akaukanyagakanyaga kwa soli ya kiatu, akauacha hadi asubuhi, ataukuta umegeuka rangi ya kahawia na kushikana vibonge. Afunge pua na mdomo kwa barakoa, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Naye aufagie polepole autie katika mfuko, asiumwage mtaroni.

Doa la miaka mingi halitoki kwa unga mkavu. Hilo hufanyiwa tope la unga uo huo na tapentaini, likapakwa unene wa kidole, likafunikwa nailoni usiku kucha, milango ikiwa wazi na jiko la makaa likiwa mbali kabisa. Asubuhi hufunuliwa, likaachwa likauke, kisha likakwanguliwa. Mabaki husuguliwa kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji ya moto kidogo, yale yale ya kupikia maharagwe, na maji hayo huzolewa kwa matambara. Mwisho hudondoshwa tone la maji safi: likisimama kama ushanga, oili ingali imo, likinywewa na sakafu ikatia weusi wa unyevu, kazi imekwisha.

Hapo ndipo mwashi aitwe kuitandika sakafu upya, wala si kabla, kwa kuwa niru ipigwayo juu ya oili hubanduka kama ganda la kiazi. (Neno lenyewe sakafu limetoka kwa Waarabu, ambao kwao ni paa, na watu wa pwani walipojenga majumba ya mawe, paa la aliye chini lilikuwa ndiyo sakafu ya aliye ghorofani, chokaa na kokoto vikapigiliwa huku watu wakiimba.) Zege kuukuu ligongwegongwe kwa tindo lipate kushika, liloweshwe, kisha limwagiwe mchanga na saruji, tatu kwa moja, na niru ipigwe kwa mwiko kungali kubichi. Jua na upepo wa Januari wa Nakuru hukausha upesi mno, na saruji ikaukayo upesi hupasuka na kutoa vumbi. Basi ifunikwe magunia mabichi siku 7, na gari lisirudi kabla ya siku 28. Siku litakaporudi, liwekewe sinia kuukuu chini ya injini, na mkebe wa unga wa Kariandusi ukae hapo mlangoni, karibu na ufagio.