Ramani ya Mawazo Darasani: Tuelewe Kabla ya Kuchanga

Siku hizi shule inaweza kuwaita wazazi na vikundi wachangie kompyuta na bando za intaneti, ati walimu wanataka kufundisha kwa "ramani ya mawazo". Kabla kikundi hakijafungua sanduku lake, yafaa tujue hicho ni kitu gani.

Ni mchoro tu. Jambo lenyewe huandikwa katikati, halafu mawazo yanatoka kama matawi ya mti, na kila tawi huzaa vitawi. Aliyeieneza sana ni Mwingereza Tony Buzan, katika vipindi vya televisheni ya BBC mwaka wa 1974. Wakati huo ilikuwa karatasi na kalamu za rangi.

Haya, tuchukue somo la malaria. Mwalimu anaandika MALARIA katikati ya ubao. Mtoto mmoja anapiga mstari kutoka "mvua" moja kwa moja hadi "malaria". Hapo ndipo faida ilipo! Katika mtihani wa kuchagua jibu angeweza kupita, lakini mchoro umeonyesha hatua asizozielewa. Mwalimu anamwuliza: mvua yaletaje homa? Wenzake wanaongeza: mvua huacha madimbwi, mbu hutaga mayai humo, na mbu jike wa Anopheles hubeba vimelea kutoka mtu hadi mtu. Sasa hata tawi la kinga linaeleweka: kufukia madimbwi hukata mnyororo pahali pamoja, neti hukata pahali pengine.

Hayo yote yawezekana kwa chaki. Kwani intaneti inaongeza nini? Kwa vifaa kama Coggle au MindMeister, wanafunzi kadhaa huandika kwenye ramani moja kwa wakati mmoja, kila mmoja na mashine yake, hata aliye mgonjwa nyumbani. Tawi likikosewa husogezwa bila kufuta kazi yote, na ramani huhifadhiwa hadi muhula ujao. Lakini darasa lenye kompyuta moja halipati ile faida ya kwanza. Huko sisi tungependekeza Freeplane, programu ya bure ambayo ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Bando haitakiwi, ni stima tu.

Kwenye mkutano wa wazazi, ulizeni pia kama watoto watajiandikisha kwa majina yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kabla habari za mtoto hazijatumiwa. Na mwulizeni mwalimu nani atachora. Baadhi ya vifaa hivi sasa vina akili bandia: mtoto anaandika "malaria" na matawi yote yanajitokeza yenyewe. Mchoro utapendeza, lakini yule mtoto wa "mvua" hatajulikana.

Ombeni kuonyeshwa ramani ambazo watoto wenyewe wamechora. Shule ambayo haijajaribu kazi hii hata kwenye karatasi ya manila, sisi tungeiomba ianze na hiyo, pesa za kompyuta zingoje.