Rangi ya injini: kazi ni kuosha, si kupaka

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msemo huo unawafaa sana wanaonunua injini kuukuu zilizopakwa rangi ya fedha mpaka zikang'aa kama sufuria mpya. Unawafaa pia wenye magari wanaotaka kuzipamba injini zao wenyewe, uani kwao, siku ya Jumapili. Leo nataka tuzungumzie kazi hiyo.

Kwanza niseme wazi kwamba kupaka injini rangi si ushamba wala anasa tupu. Bloku ya chuma ikiachwa wazi hushika kutu, na ndiyo maana viwanda vingi huipaka tangu mwanzo. Wengine waliifanya rangi kuwa sifa ya gari. Mwaka 1957 Ferrari ya Italia ilitoa gari la mashindano lililoitwa Testa Rossa, maana yake kichwa chekundu, kwa sababu vifuniko vya vali vya injini yake vilipakwa rangi nyekundu.

Lakini wengi wetu tunadhani kazi yote imo ndani ya kopo la rangi. La hasha! Rangi haishiki juu ya oili. Ukipaka juu ya uchafu, itavimba na kubanduka injini ikishapata moto mara chache tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kuosha, na huko kwenye kuosha ndiko iliko hatari.

Watu wengi hukimbilia petroli. Humimina lita moja au mbili ndani ya beseni, wakatumbukiza kifuniko cha vali na kuanza kusugua. Sasa tujiulize: petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Dar es Salaam au Mombasa? Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini kimya kimya mpaka ukute moto. Na katika nyumba zetu za kupanga ua ni wa wote. Huyu anaosha vipuri, yule ana jiko la mkaa na sufuria ya maharage, na watoto wanacheza katikati yao. Moto ukilipuka hauchagui mwenye gari na asiye na gari.

Hata usipowaka, petroli ina benzini, kemikali inayoweza kuleta saratani ya damu kwa mtu anayeivuta mara kwa mara. Si maji ya kunawia mikono.

Njia iliyo salama zaidi ni hii. Kwangua grisi ngumu kwa kijiti au kisu butu. Kisha tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, urudie mara mbili au tatu. Palipogoma, lainisha kwa mafuta ya taa kidogo, mahali pa wazi na mbali na moto, maana nayo huwaka. Halafu osha tena kwa sabuni, kwa kuwa mafuta ya taa huacha utando ambao rangi haiupendi. Kostiki soda ya watengeneza sabuni usiitumie kwenye aluminiamu, kwani huila. Na silinda hedi nyingi za magari ya leo ni za aluminiamu.

Jihadhari pia na gasketi za magari ya zamani. Baadhi zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu. Zilowanishe kwanza ndipo uzikwangue, wala usizipige msasa zikiwa kavu.

Kikishakauka, piga kipuri msasa na ukipanguse vumbi. Ziba matundu yote, nyuzi za bolti, na nyuso zinazokaa gasketi. Pale unapofungwa waya wa ethi usipake, kwa sababu rangi huzuia umeme na gari litakusumbua kuwaka. Chagua rangi kufuatana na joto. Rangi nyingi za injini huvumilia nyuzi 260 hivi, na hizo zinatosha kwa bloku na vifuniko. Manifodi ya ekzosi hupata joto kali zaidi, nayo inataka rangi yake maalumu. Paka tabaka nyembamba mbili au tatu, ukingoja kila moja ishike. Rangi za kuchanganya na dawa ya kukaushia waachie wenye vifaa, kwani nyingi zina kemikali zinazoleta pumu, na kitambaa cha puani hakizuii mvuke wake.

Nanyi mnaonunua, rangi mpya isiwapumbaze. Ukiona imepita juu ya mipira, bolti na kingo za gasketi, ujue injini ilipuliziwa ikiwa imefungwa, na huenda chini yake kuna kitu kilichofichwa. Iwashe ipate moto, kisha pangusa maungio kwa kitambaa cheupe na utazame kama kina oili. Rangi haizibi ufa.

Kwa maoni yangu, anayetaka kupaka na apake, ni mali yake. Lakini ua si wake peke yake. Kabla hajafungua kopo la rangi, aiache petroli ndani ya tangi la gari, maana huko ndiko mahali pake.

Panapo majaaliwa, tukutane tena juma lijalo.