Kweli au si kweli? Watoto wadogo na kazi za mikono za sikukuu za Kiyahudi

Mzazi, yaya au mwalimu wa chekechea anayetaka kumpa mtoto wa miaka miwili karatasi na gundi kwa ajili ya sikukuu ya Kiyahudi hupata ushauri mwingi, na sehemu kubwa yake ni ya kusikia tu. Haya ni madai yanayorudiwa mara nyingi.

"Uyahudi unakataza picha, kwa hiyo mtoto asichore watu."

Si kweli. Torati inakataza sanamu za kuabudiwa. Wapo waliojihadhari zaidi: kitabu kimoja cha Pasaka kilichochorwa Ujerumani karibu mwaka 1300 kinawapa watu vichwa vya ndege. Lakini kule Dura-Europos, Siria, kuta za sinagogi zilijazwa picha za Biblia karibu mwaka 244, na Esta na Mordekai wamo. Basi mtoto anayembandikia Malkia Esta taji la karatasi siku za Purimu, sikukuu ya kukumbuka kisa cha Esta, hajavunja chochote. Mpe duara la karatasi ya manila, vipande vya kitambaa na gundi. Macho atayaweka anapotaka mwenyewe.

"Kinara cha Hanuka kina matawi saba."

Si kweli, ingawa wengi hukosea hapa. Kinara cha matawi saba kilikuwa cha Hekalu. Cha Hanuka kina nafasi tisa: nane za usiku nane, na moja ya taa inayowashia nyingine. Kazi rahisi kuliko zote ni alama za viganja: paka rangi mikono yote miwili, vidole vinne kila upande vifanye mishumaa minane, na vidole gumba viwili vikikutana katikati viwe mshumaa wa tisa.

"Hanuka ndiyo sikukuu yao kubwa."

Si kweli. Haimo katika Torati, na watu huendelea na kazi zao. Umaarufu wake katika nchi za Magharibi umekuzwa na kuangukia kwake karibu na Krismasi.

"Mapambo ya mtoto ni mchezo tu, hayana nafasi katika ibada."

Si kweli, na dai hili linaniuma kwa sababu linadharau kazi ya mtoto pasipo haki. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inafundisha kwamba amri ya Mungu itimizwe kwa uzuri, na mfano mmojawapo inaoutaja ni kibanda kizuri. Katika Sikukuu ya Vibanda familia hula ndani ya kibanda ambacho paa lake ni la vitu vilivyoota ardhini na kukatwa, kama makuti ya mnazi. Ndani hutundikwa matunda, michoro na minyororo ya karatasi. Mtoto mdogo anaweza kutengeneza mnyororo huo: mkubwa akate vipande, mdogo apake gundi na kubana. Na ukishatundikwa, sheria huutambua. Kwa kawaida mapambo ya kibanda hutengwa kwa heshima ya sikukuu, hayatumiwi kwa jambo jingine mpaka iishe. Mnyororo wa mtoto wa miaka miwili unalindwa sawasawa na komamanga la bei kubwa lililoning'inia kando yake.

"Siku ya sikukuu yenyewe ndiyo nzuri kwa kukata na kubandika."

Si kweli kwa familia inayoshika sheria. Siku ya Sabato kukata kwa kipimo, kubandika, kuandika na kupaka rangi ni kazi zilizokatazwa, na vivyo hivyo katika siku kuu za Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Pasaka na Vibanda. Hanuka ni tofauti, ukiacha Sabato inayoangukia ndani yake. Kwingine maliza kabla jua halijazama siku ya mkesha.

"Unga wa kuchezea hauna neno wakati wa Pasaka."

Si kweli. Unga wa ngano uliochanganywa na maji na kukaa zaidi ya dakika 18 huhesabiwa kuwa umechacha, na Pasaka nyumba husafishwa chachu yote. Mabonge ya unga wa kufinyanga na picha zilizobandikwa makaroni huondolewa pia. Wakati huo tumia karatasi na kitambaa: mfuko wa kufichia kipande cha mkate usiotiwa chachu, ambao watoto watautafuta usiku wa karamu, unatosha.

"Maharage ndani ya chupa ni salama, mradi kifuniko kimefungwa."

Kweli nusu. Kelele za kufunika jina la Hamani, adui wa Wayahudi, kitabu cha Esta kinaposomwa siku ya Purimu ni furaha ya watoto, na chupa ya maharage hulia vizuri. Ila kifuniko kibandikwe kwa gundi kali na kuzungushiwa utepe, na mkubwa ndiye atie maharage, kwa sababu punje moja inaweza kumkaba mtoto. Marekani hupima vitu vya watoto wa chini ya miaka mitatu kwa silinda yenye upana wa milimita 31.7: kinachoingia humo chote hakimfai. Shanga na vifungo vidogo vinaangukia hapo.

Na Mwaka Mpya, tofaa likikatwa kutumika kama muhuri wa rangi, lile la kuchovya katika asali, kama ilivyo desturi ya sikukuu hiyo, liwe jingine. Asali yenyewe asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kidogo cha kuonja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu.