Omukama, Mfalme na Chifu

Wanafunzi wetu hutuuliza mara nyingi: neno "Omukama" hufasiriwaje kwa Kiingereza? Mmoja hujibu "king", mwingine "chief", kisha ubishi hauishi. Na tuyapime maneno hayo.

Twendeni Kanazi, palipokuwa na jumba la Kahigi wa Pili, Omukama wa Kihanja zamani za Wadachi. Kwa watu wake neno hilo lilimtaja mwenye nchi, mgawa ardhi na mwamuzi wa mwisho. Wadachi, waliojenga boma Bukoba tangu mwaka 1890, waliwaita Abakama wote "Sultan", neno walilolichukua pwani. Waingereza walipoitwaa Bukoba mwaka 1916, wakaandika "chief". Ngoma zilikuwa zile zile, na kiti kile kile. Jina ndilo lililopunguzwa. Maana kwa Mwingereza "king" ni mwenye enzi asiye na mkubwa juu yake, bali "chief" aweza kuwa chini ya serikali nyingine. Hata Kabaka wa Buganda, katika mapatano ya mwaka 1900, alipewa heshima ya "His Highness". Ile ya "Her Majesty" waliiweka kwa malkia wao.

Yako na maneno mawili ambayo sisi husema "kutawala" kwa yote: "reign" na "rule". La kwanza ni kukaa katika enzi; la pili ni kutoa amri zikafuatwa. Mfalme wa Uingereza hukaa katika enzi, lakini amri ni za mawaziri na Bunge. Omukama wa kale alikuwa na yote mawili. Siku za Bwana Shauri enzi alibaki nayo, lakini amri kubwa zilitoka bomani.

Jihadharini pia na neno "mwami". Buhaya alikuwa mkubwa wa gombolola, chini ya Omukama, naye mkungu alikuwa chini yake. Ruanda na Urundi, Mwami ndiye aliyekuwa mfalme mwenyewe. Tumewaona wanafunzi hodari wakikosea hapo.

Desemba 1962 Tanganyika ikawa jamhuri, na enzi ya Malkia Elizabeth hapa ikakoma. Mwaka 1963 sheria nyingine ikaondoa utawala wa machifu. Sheria hiyo ilitaja "chief". "King" haikuwa na haja ya kumtaja, kwa kuwa Waingereza walikuwa wamewaandika Abakama kuwa "chief".