Kuongeza Mistari Mipya Tu Katika Faili

Orodha hukua kwa kuongezwa, na aghalabu huharibika kwa kuongezwa vilevile. Karani apokeaye majina kutoka matawi mengi huandika jina moja mara tatu. Na lile jina jipya, ambalo ndilo lililotakiwa kuonekana, hufichika katikati ya yale ya zamani.

Katika mfumo wa kompyuta uitwao Unix, ulioanza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, imo amri ya uniq, ambayo huondoa mistari inayojirudia. Lakini amri hiyo hulinganisha kila mstari na ule uliotangulia tu. Kwa hiyo hapana budi mistari ipangwe kwanza kwa amri ya sort, na hapo utaratibu wa awali, yaani kipi kilitangulia kufika, hupotea.

Programu ndogo iitwayo anew hufuata njia nyingine. Kwanza husoma faili lote na kuuweka kila mstari katika kumbukumbu ya kompyuta. Kisha hupokea mistari mingine mmoja mmoja. Uliokwisha kuwamo huachwa. Usiokuwamo huongezwa mwishoni mwa faili, na papo hapo huonyeshwa kwa mtumiaji. Mpangilio wa zamani haubadiliki.

Katika kutafuta, programu haipitii orodha yote kutoka juu hadi chini. Herufi za mstari hugeuzwa kuwa namba, na namba hiyo huonyesha mahali pa kutazama, kama namba ya sanduku la posta. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM alilieleza wazo hilo mwaka 1953. Gharama yake ni nafasi: faili likiwa kubwa mno, kumbukumbu hujaa.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kompyuta hulinganisha herufi, wala si maana. Mvua ikipimwa milimita 12 Jumatatu, na milimita 12 tena Jumanne, na kila mstari ukiandikwa kipimo peke yake, mstari wa pili utaachwa, na jumla ya mwezi itapungua kwa milimita 12 bila onyo lolote. Tarehe ikiandikwa kando ya kipimo, mistari yote miwili itahifadhiwa. Hivyo, kabla ya kuiachia mashine kazi ya kukataa marudio, yampasa mwenye orodha aamue ni kitu gani hutofautisha jambo moja na jingine, na kukiandika katika kila mstari.