Risasi Ishukapo Pasipo Sababu ya Dhahiri

Katika mashindano ya shabaha za uwandani, mchezo ulioanzia England mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpigaji hukabiliwa na shabaha za chuma zenye sura ya wanyama, zilizotawanywa kati ya yadi 8 na yadi 55; na kwa kuwa bunduki ya hewa ya mchezo huo kule haina ruhusa ya kupita nguvu ya futi-ratili 12, yaani jouli 16 na ushei, risasi yake huanza kushuka mapema mno, hata wengi hulazimika kukizungusha kifundo cha juu cha darubini kwa kila umbali. Ndiyo sababu darubini ambayo mwindaji wa bunduki ya baruti angeiona kamilifu huweza kumfedhehesha mpigaji huyu mbele ya hadhara.

Risasi zikianza kutua juu leo na chini kesho, ilhali upande hazikosei, wengi huilaumu darubini papo hapo. Kwa rai yangu haraka hiyo haifai, hususan kwa bunduki ya kukunja mtutu, ambayo mtutu wake aghalabu huinama kidogo kuliko reli ishikayo darubini. Mwenyewe, aonapo risasi zatua chini, hukizungusha kifundo kwenda juu, milio kumi, ishirini, hata hamsini, wala hajui kwamba ndani ya darubini mna bomba dogo lililobanwa baina ya skrubu ya kifundo na kamani, na kwamba kadiri skrubu ipandavyo ndivyo kamani inyookavyo na kulegea, mpaka bomba hilo, likikosa kushindiliwa sawasawa, likahama kwa mtikisiko wa kila risasi. Alama yake haifichiki: wazungusha milio mitano pasitokee badiliko, kisha wapiga risasi mbili tatu, badiliko likaja lote kwa mara moja. Dawa yake ni kukirejesha kifundo karibu na katikati ya mwendo wake, na kuuondoa mwinamo kwa pete zilizochongwa kwa mteremko au, palipo na upungufu mdogo, kwa kipande chembamba cha bati chini ya darubini kwenye pete ya nyuma. Bati nene sikubaliani nalo hata kidogo, maana huipinda darubini yenyewe.

Ikiwa kifundo ki katikati na ikhtilafu ingaliko, jicho lichunguzwe kabla ya chuma. Bunduki ilazwe juu ya mifuko ya mchanga, shabaha ikiwa yadi 10, kisha mtazamaji ainue na kushusha kichwa bila kuigusa. Nyuzi zikionekana kutembea juu ya shabaha, kirekebisho cha umbali hakikuwekwa sawa, na shavu lisilotua mahali pamoja juu ya kitako ndilo lipandishalo na kushusha risasi. Kuinamisha bunduki ubavu nako huishusha risasi, walakini huipeleka kando pia. Pima maji ndogo juu ya darubini yatosha.

Baada ya hayo ndipo darubini yenyewe ihukumiwe. Bunduki ikibanwa isijongee, na rula ikasimamishwa yadi 50, milio 40 ya robo dakika ya pembe yapasa kuzisogeza nyuzi karibu milimita 133. Zikisogea 120 tu, kisha zikarudi pale pale zilipoanzia, hiyo ni kasoro ya hesabu, nayo huandikwa katika jedwali la umbali na mchezo ukaendelea. Zisiporudi, muuzaji ana neno la kujibu.